Namba Kumi na Nne

Ukanda ulikuja kwa posta, ndani ya boksi
dogo kama la saa ya mkono,
na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara kumi na sita.
Nikauweka mezani, kati ya chumvi na siagi,
nikautazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Zirka alikuwa chini ya meza, ananuka samadi na furaha.
Mara tatu mwezi ule alivuka barabara ya kokoto
akifukuza swala hadi kwenye seng'enge ya Lloyd Ferris,
na mara ya tatu lori la ngano lilifunga breki
hata vumbi likasimama wima kama ukuta.
Dereva hakutukana.
Alishuka, akavua kofia, akaketi kwenye kidato cha lori,
mikono inamtetemeka.
Hapo ndipo nilipoagiza.

Nilikuwa nimemwita kwa Kiukraini cha marehemu bibi,
nikamwita kwa Kiingereza cha shule,
nikamwita kwa maini ya kukaanga.
Sikio la kufa halisikii dawa, husema watu.
Mimi hili nalitaka lizeeke hapa, kando ya jiko,
liote mvi, liwe kiziwi kwa haki yake.

Usiku nikajifunga ukanda mwenyewe.
Vichuma viwili baridi chini ya taya.
Rimoti mkononi, namba zake hadi mia.
Moja: kimya.
Tano: siafu anapita, ana safari zake.
Kumi na nne: bega likaruka, chai ikamwagika
juu ya bili ya umeme.
Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Lloyd aliniambia yeye huanzia sitini.
"Mbwa ana ngozi nene, Darka."
Nilimtazama mbwa wake, nyuma ya pikapu,
jinsi alivyokaa vizuri.
Vizuri mno.

Wiki mbili hatukugusa umeme.
Mlio, jina, soseji.
Mlio, jina, soseji.
Kamba ndefu ikiburuzwa kwenye mabua ya ngano,
mimi nyuma yake na buti za mume wangu,
nikinuka soseji kama bucha.

Kisha Jumamosi. Swala watano kwenye tuta,
na Zirka akawa mshale.
Mlio: hakusikia. Jina: hakusikia.
Nikabonyeza,
na katika nusu pumzi ile ile aligeuza kichwa,
kwa sababu Lesia, mjukuu wangu wa miaka sita,
alikuwa anatoka bandani na mayai
ndani ya ndoo ya manjano.

Hakulia. Alilala chini, akaitazama ndoo.

Tangu siku hiyo mbwa asiyeogopa lori
aliogopa ndoo.
Akiiona anazunguka nyumba kwa nyuma,
tumbo linafagia majani.
"Bibi," Lesia akasema, "mwambie ndoo haikufanya kitu."
Nimwambie kwa lugha gani?

Yeye ndiye aliyemwambia. Kila jioni ya kiangazi
aliketi barazani, ndoo kando yake,
akijisomea kitabu chake cha vyura kwa sauti,
vipande vya jibini vimepangwa kwenye mbao
kutoka mbali hadi karibu.
Agosti, kipande cha kumi.
Septemba, cha nne.
Siku moja nilikuta pua ya Zirka ndani ya ndoo
na Lesia haongei, amebana pumzi,
kidole bado kiko kwenye mstari wa vyura.

Sasa ni Oktoba, na theluji ya kwanza ya Saskatchewan
imelala juu ya kokoto kama chumvi ya mchoyo.
Leo asubuhi swala walirudi.
Zirka alisimama ukingoni mwa barabara,
mguu mmoja hewani, mwili mzima unavuma.
Nikaita mara moja, kwa sauti ya kawaida.

Akarudi.
Sijui kama alirudi kwangu
au alikimbia kitu kingine.
Nilimpa soseji, akala, akalamba kiganja.
Mkono wangu wa pili ulikuwa mfukoni,
kidole juu ya kitufe,
na macho yake, alipomaliza kula,
yalikuwa kwenye mfuko.